Kitundu Kilichokaa Upande

Kaka yangu mkubwa ni seremala, na hasikii tangu akiwa na miaka minne. Nayasema haya mapema ili msije mkaanza kumwonea huruma katikati ya safari mkanipotezea njia. Wa kuonewa huruma hapa ni mimi, maana kitanda kilichotumika ni changu.

Nyumba yetu ni moja, imegawanywa na ukuta wa mbao ambao kaka aliupigilia mwenyewe. Mbele ni karakana yake. Nyuma tunakaa mimi na mke wangu. Nimestaafu idara ya maji, ambako kwa miaka thelathini na mmoja nilifungua na kufunga mabomba makubwa ya mji. Kuna siku nilifunga bomba lisilohusika, watu wote wakabaki na povu la sabuni machoni siku mbili. Mke wangu anasema zilikuwa saa mbili tu. Lakini yeye siku hiyo hakuwa anaoga, angejuaje?

Tangu nistaafu nashinda karakanani, juu ya rundo la mbao karibu na mlango, natafuna karanga na kumtazama kaka akifanya kazi. Sijachoka hata siku moja. Akipiga randa, maranda yanatoka membamba kiasi kwamba ukiyaweka juu ya gazeti unasoma habari yote na tangazo la chini yake. Anaugusa ubao kwa dole gumba, kama mama anayemgusa mtoto paji la uso, kisha anakata, na ule ubao unaingia mahali pake kama uliozaliwa hapo.

Kwa watu wanaozungumza kwa mikono, jina lake ni ngumi mbili zinazosukuma randa hewani. Miezi minane kabla ya mambo haya, alikwenda kwenye mafunzo ya siku tatu ya mafundi viziwi, akakutana na mwanamke ambaye jina lake ni kugusa ncha ya kidole cha kati, pale mshonaji anapovaa kastabini asijichome na sindano. Mjane, na kaka naye mkewe alishafariki. Mwanamke huyo alitoka mji mwingine, safari ya kutwa nzima kwa basi. Meza ya cherehani aliyopewa kule mafunzoni ilikuwa inayumba. Kaka akaichomekea kabari ndogo chini ya mguu, ikatulia. Aliporudi nyumbani, anayeyumba alikuwa yeye.

Wakaanza kupigiana simu za video. Simu ya kaka ilikuwa ndogo, ameishika kwa mkono mmoja, anazungumza kwa mkono mwingine. Nusu ya maneno yanaanguka njiani. Ni kama kutaka kuimba huku umeuma sindano. Binti yangu, ambaye ni muuguzi, alipomwona baba yake mkubwa akihangaika hivyo, akamletea kishikwambi.

"Baba mkubwa, hiki unakisimamisha tu," alimwambia kwa mikono, maana watoto wetu wote waliijua lugha hiyo kabla ya kujua kufunga kamba za viatu. "Mikono yote miwili inabaki yako."

Kaka alikipokea kama mtu aliyepewa mtoto mchanga. Siku tatu hakupokea kazi ya mtu. Alichagua mbao nyekundu, ngumu, alizokuwa amezificha miaka kwa ajili ya jambo la maana, akatengeneza stendi. Haikuwa na msumari hata mmoja, wala gundi. Ilishikana kwa meno iliyochongewa, na kishikwambi kikiwekwa kinatoa mlio mdogo kama mtu mzima anayeketi kitini kwa kuridhika. Kilikaa kwa ulalo, maana mtu anayezungumza kwa mikono anahitaji upana. Kaka alipima mikono yake ilivyopanuka, kiwiko hadi kiwiko, akahakikisha yote inaingia ndani ya kioo. Stendi ile, wallahi, ningekuwa na uso mzuri zaidi ningeomba kukaa mimi.

Kosa moja tu hakuliona, na mtu mwingine yeyote asingeliona. Kamera ya mbele ya kishikwambi kile ilikuwa kwenye ubavu mfupi. Ukikishika wima, kile kitundu kiko juu ya paji lako, kinakutazama vizuri. Ukikilaza, kitundu kinahamia kushoto kabisa. Mtu akimtazama mwenzake katikati ya kioo, kitundu kinamwona kutoka pembeni, kama jirani anayechungulia kwenye upenyo wa pazia.

Kwa watu kama mimi hilo si neno. Mimi naweza kukusikiliza huku natazama dari. Lakini katika lugha ya mikono, macho ndiyo masikio. Mwenzako hawezi kusema mpaka umtazame, na ukigeuza macho wakati anasema, umemziba mdomo. Hakuna dharau kubwa kuliko hiyo. Ni zaidi ya kumgeuzia mtu mgongo.

Basi kule mbali, mshonaji ameegemeza simu yake kwenye cherehani, anamwona kaka akimtazama mtu mwingine upande wa kulia. Akianza sentensi, kaka yuko kulia. Akikatisha, kaka bado yuko kulia, na anatabasamu, tena tabasamu la mahaba! Wiki ya kwanza alivumilia. Ya pili akawa anasema mambo mafupi mafupi. Kaka hakuelewa. Yeye alikuwa anamwona mwanamke anayemtazama sawasawa usoni lakini maneno yake yanapungua kila siku.

"Labda amechoka," aliniambia. "Kazi za kushona zimekuwa nyingi."

Na hapa ndipo mimi niliposhika msumeno na kukata tawi ambalo kaka amelikalia. Mshonaji alikuwa na namba yangu, na tulikuwa tumeshaanza kutaniana kwa ujumbe, ananiita shemeji kabla ya wakati. Siku hiyo akaniandikia: "Shemeji, hebu niambie ukweli. Kulia kwa kaka yako anakaa nani?"

Kulia kwa kaka nilikuwa nimekaa mimi na karanga zangu. Ubavuni pangu kulikuwa na kinara cha taa alichokuwa anamchongea mteja, kirefu, kimezungushwa kwenye mashine kikatoka na kiuno. Ningeweza kujibu "ni mimi." Mtu mwingine angejibu hivyo. Mimi nikaandika: "Kuna kimwana mmoja mrefu, kiuno chembamba, hana maneno mengi."

Nikacheka peke yangu mpaka nikapaliwa na karanga. Hakujibu. Nikadhani naye anacheka.

Alhamisi, kaka alikuja amenyoosha simu yake mbele yangu.  Ujumbe ulisema: "Jumatatu nasaini chumba changu cha ushonaji, miaka mitano mingine. Jumapili saa kumi nitakupigia mara ya mwisho. Kama huna macho kwangu, nijulishe nijue."

"Sina macho kwake?" kaka aliuliza. "Mimi?"

Akanionyesha meza iliyosimama dirishani. Mimi nilidhani meza ile mpya ni ya mteja. Ilikuwa imepigwa msasa mpaka inang'aa, na katikati imekatwa tundu la kukalia cherehani, kwa vipimo alivyokuwa amevikariri tangu siku ile ya kabari. Alikuwa anataka kumwomba aje, awe mke wake, afanye kazi pale. Alikuwa anangoja tu mazungumzo yachangamke tena kidogo ndipo aseme. Mtu wa miaka sitini na minne, na amebakiwa na Jumapili moja.

Karanga zilinigeuka mchanga mdomoni. Nilitaka kusema habari ya kimwana. Mikono ikakataa. Nikamwambia tu, "Aliniuliza kulia kwako anakaa nani."

Mtu mwingine angekasirika, angelia, au angemtupia lawama mwanamke. Kaka alisimama akawaza kama anavyowaza mlango usipofunga. Mlango usipofunga huwa haupigi teke, anatafuta unapogusa. Akanikalisha kwenye stuli yake mbele ya kishikwambi, akachukua simu ya mke wangu, akaenda nayo upande wetu wa nyumba, akapiga. Nikamwona kiooni, amenikazia macho.

"Nitazame," akasema.

"Nakutazama."

"Unatazama mlango. Nitazame mimi!"

"Ndiyo wewe ninayekutazama!"

"Mwongo!"

Akatoka huko, akaja akanipiga kofi la kisogo, akarudi, akatazama tena. Bado naangalia mlango. Mke wangu, aliyekuwa nyuma yake akichungulia, alicheka mpaka akashika fremu ya mlango.

"Mume wangu," akaniambia, "umengoja miaka sitini useme kweli, na siku yenyewe umepigwa."

Kaka alikuwa ameshaelewa. Akaja akainama mbele ya kishikwambi, akakitafuta kile kitundu kwa ncha ya penseli mpaka akakipata, kidogo kama jicho la sisimizi. Akaniambia nikikazie macho. Nikakikazia. Akaenda kwenye simu, akarudi ameinua dole gumba: sasa namtazama usoni.

"Nimesema nini?" akauliza.

"Sijui. Nilikuwa natazama kitundu."

Akakaa chini. Hapo nami nikauona mtego wote. Akitazama kitundu, anaonekana msikivu lakini haoni mikono ya mwenzake, yaani amekuwa kiziwi mara mbili. Akitazama mikono, anasikia kila kitu lakini anaonekana ana dharau.

Ijumaa tulimwita fundi simu wa mtaa wa pili, kijana mmoja mcheshi mwenye bisibisi sikioni. Akakigeuzageuza kishikwambi.

"Wazee, hiki kilitengenezwa kwa mtu wa kukishika wima, anayesoma," akasema, nami nikawa namtafsiria kaka. "Matoleo mengine wameshaihamishia kamera kwenye ubavu mrefu. Ukilaza, inakaa juu katikati, mambo safi. Hiki chenu ndiyo hivyo."

"Muulize kamera imeshikiliwa na nini," kaka akasema.

"Anauliza imeshikiliwa na nini."

"Kwa nini?"

Kaka alikuwa ameshachukua patasi ndogo na anaijaribu makali kwa kucha. Fundi simu alikikumbatia kishikwambi kifuani kama mama aliyeona gari linakuja.

Tulijaribu kukisimamisha wima, tumekiegemeza kwenye kopo la rangi. Kitundu kikawa juu, macho yakanyooka, lakini mikono ikakatwa. Kila kaka alipofungua mikono, maneno yalitoka nje ya kioo. Akasogea nyuma ili yaingie, mgongo ukagonga ukuta, na viwiko bado viko nje. Karakana ile, kwa mbao zilizojaa, ina hatua mbili tu. Akakirudisha kwenye stendi. Nadhani pia roho ilimuuma kuiona stendi yake imekaa bure, lakini hilo asingelikiri hata ungemning'iniza.

Jumamosi asubuhi nilimkuta na uzi. Na hiki ndicho kitu nilichotaka kuwasimulia tangu mwanzo. Yote niliyosema huko nyuma ni njia ya kufikia hapa.

Alikuwa amebandika ncha ya uzi mmoja kwenye kitundu kwa kipande cha nta. Uzi wa pili ameubandika katikati ya kioo, mahali panapokaa uso wa mshonaji. Ncha za upande mwingine amezishika pamoja kati ya nyusi zake. Akiwa amekaa karibu, nyuzi zile mbili ziliachana kama miguu ya mtu anayeruka mtaro.

"Tazama," akasema kwa mkono mmoja.

Akarudi nyuma nusu hatua. Miguu ikafumba kidogo. Akarudi tena. Ikafumba tena. Kila aliporudi, nyuzi zilikaribiana, mpaka mgongo wake ukagonga ukuta. Akanipa ncha zile niingie nazo kwetu. Nikazungukia mlangoni, uzi umepita juu ya rundo la mbao, umekata kona, umepinda, haufai. Lakini yeye alikuwa ameshahesabu kichwani. Alisimama anautazama ukuta kama mtu anayetazama pazia.

"Hatua nne," akasema. "Nikikaa hatua nne, nyuzi mbili zinakuwa moja. Nikimtazama yeye, nimetazama kitundu. Na mikono yote inaingia."

"Na hatua nne ziko wapi?"

Akaonyesha. Ziko juu ya kitanda changu.

Hakusoma sana huyu mtu. Hakuna aliyemfundisha pembe wala hesabu za nuru. Lakini alichukua jambo lililowashinda wenye kiwanda, akalinyoosha kwa nyuzi mbili na nta, na jibu lake lilikuwa rahisi kiasi kwamba niliona aibu kwa niaba ya dunia nzima: kitundu kimekaa mahali pabaya, hakihami, basi tuhame sisi.

Alikwenda kwa mke wangu, akasimama kwa adabu zote. "Shemeji, naomba nikate ukuta wako."

Mke wangu alitazama ukuta, akatazama ile meza ya cherehani iliyokuwa inang'aa dirishani. Alikuwa ameshajua ni ya nani kabla ya kuambiwa, wanawake hawa.

"Kata, shemeji," akasema. "Huyu wangu hajawahi kunikatia hata kipande cha uzi."

Msumeno ulianza kuimba. Kaka alichora mraba kwa penseli, upana wa mabega yake na mikono iliyofunguliwa, akaukata kwa mistari iliyonyooka mpaka ukuta wenyewe, nadhani, haukusikia maumivu. Kipande kilipotoka, akakipokea kwa mikono miwili akakilaza chini taratibu. Tukatazama: kutoka kitandani kwangu, kupitia dirisha jipya, kupitia karakana nzima, kishikwambi kilikuwa kinang'aa kule mbele juu ya stendi yake. Akavuta nyuzi. Zililala pamoja. Ungetaka kupitisha unywele katikati yake ungelazimika kuuomba ruhusa.

Jumapili saa tisa na nusu kaka alikuwa ameketi kwenye ukingo wa kitanda changu, amevaa shati jeupe. Mimi na mke wangu tulikaa sakafuni, pembeni, tusionekane. Mke wangu alikuwa ameninyang'anya karanga.

"Kaka," nikasema, mikono ikanitii safari hii. "Kuna jambo. Nilimfanyia utani."

"Baadaye," akasema bila kunitazama, na kwa hiyo nikawa nimezibwa mdomo.

Saa kumi kamili kioo kikawaka, binti yangu aliyekaa karibu nacho akakigusa kukipokea, akajificha. Mshonaji akatokea, amevaa gauni la bluu alilolishona mwenyewe, kola imekaa kama imechorwa. Alikuwa ameinua mikono tayari kwa maneno aliyoyaandaa. Nilimwona akifungua la kwanza, akasita. Akasogea kwenye simu yake. Akasogea zaidi, mpaka ikabaki pua na macho.

"Uko mbali," akasema hatimaye. "Umekuwa mdogo kama kidole. Uko wapi?"

"Hatua nne," kaka akajibu, kwa mikono mipana kama mtu aliyesimama juu ya paa. Macho ya karibu yamemchakaa, lakini ya mbali anahesabu majani ya mti. Alimwona vizuri kila kidole.

"Uko mbali," mshonaji akarudia, polepole, "lakini unanitazama."

"Miezi yote nilikuwa nakutazama. Kitundu kilikaa upande." Akachukua nyuzi zake zilizokuwa kwenye goti, akamwonyesha: zilivyoachana, zilivyofumba. Halafu akamwonyesha ukuta uliokatwa, akipitisha kiganja kwenye ukingo wake.

Mshonaji hakuhitaji maelezo mengi. Mtu anayekata kitambaa kila siku anajua upande unaweza kumfanyia nini mtu.  Kisha uso ukakaza tena.

"Na kimwana? Mrefu, kiuno chembamba, hana maneno mengi?"

Kaka hakuelewa. Alinigeukia. Mke wangu alinigeukia. Binti yangu alichomoza kichwa kule mbele kunigeukia. Nimewahi kukaa mbele ya bomba lililopasuka lenye nguvu ya kuangusha lori, sikuwahi kutazamwa hivyo.

Nikatambaa kupitia dirisha jipya, kwa magoti yangu haya, nikakichukua kile kinara cha taa, nikakileta hadi mbele ya kishikwambi. Nikakishika kiuno. Nikakiinamisha kimsalimie.

 Mabega ya mshonaji yakaanza kutikisika, akafunika uso kwa mikono, akaufunua, machozi yanamtoka. "Shemeji," akasema, "wewe ukija kwangu nitakushonea suruali isiyo na mahali pa kupitisha mguu."

Nikaondoka haraka. Na hapo mshonaji akajifuta macho, akaishusha mikono yake mapajani, akamtazama kaka. Akangoja. Katika lugha ile hakuna heshima kubwa kuliko hiyo: mikono chini, macho juu, sema wewe.

Kaka akasema. Maneno yale ni yake, siyaandiki. Nitasema tu kwamba sijawahi kuona mikono ile, iliyokata maelfu ya mbao, ikienda polepole hivyo.

Alimalizia na ile meza mpya, na mshonaji akaidaka hapo hapo. "Hiyo meza," akauliza, "dirisha liko upande gani?"

"Kushoto," kaka akajibu. "Ili mkono wako wa kulia usitie kivuli kwenye mshono."

Mshonaji akaitikia kwa kichwa taratibu, kama fundi anayekagua kazi ya fundi mwenzake na hajapata pa kuikosoa.

"Basi kesho sisaini," akasema.

Alikuja baada ya wiki tano na cherehani yake imefungwa kwa mablanketi, ikakaa kwenye lile tundu bila kabari. Ukuta haukuzibwa. Kaka aliutilia fremu, ukawa dirisha, na sasa wanapitisha chai humo, na lawama, na kitanda changu kinaonekana kutoka barabarani. Kishikwambi bado kiko kwenye stendi. Binti yangu akipiga, wote wawili wanakaa hatua nne, mabega yanagusana.

Nami bado niko juu ya rundo la mbao, nasimulia. Shemeji yangu hunisikiliza mpaka povu la sabuni lifike siku mbili. Hapo hanikatizi wala hanibishii. Anageuza macho taratibu kulia, pale kilipokuwa kinara, na anayaacha huko mpaka nirudi kwenye saa mbili.